Nzi wa Manyoya ya Jogoo

Simu ilinikuta jikoni nikimenya viazi, na sauti ya mwanamke nisiyemjua ikanisalimu kwa adabu zote. "Shikamoo Mwalimu Nyamizi. Mimi Prisca, binti yake Agatha wa Mgeta. Mama hatunaye tena." Nilikaa juu ya ndoo iliyokuwa karibu. Prisca akasubiri nilie kidogo, kisha akaendelea. "Mazishi ni kesho saa nane mchana. Na mama ameacha neno, Mwalimu. Amesema asitolewe mlangoni mpaka Mnyamwezi wake afike." Basi hapo nikacheka, machozi yanatiririka na kisu cha viazi kimo mkononi. Huyo ndiye Agatha. Hata akiwa amelala kwenye jeneza anapanga watu kazi. Kesho yake alfajiri nilikuwa kituoni Morogoro mjini, kizee mwenye shali na sweta mbili, natafuta gari la kupanda milimani, na moyo unanidunda utadhani naenda harusini. Sitaki kudanganya kwamba nilikwenda na huzuni tupu. Nilikwenda na mwaka mzima kifuani, mwaka wangu mmoja wa ujana, na kila kona gari lilipokata kupanda mlima, kitu kingine cha mwaka ule kilirudi.

Nilizaliwa wapi, baba alikuwa nani, hayo hayana kazi hapa. Inatosha kujua kwamba nilikuwa mwalimu mpya kutoka Tabora, nchi ya tambarare na jua, na nikapangiwa shule ya kijiji juu kabisa ya milima ya Uluguru, enzi zile za Ujamaa ambapo mtu ukipangiwa unakwenda. Nilifika juu ya lori lililorudi kutoka soko la Dar es Salaam, nimekaa juu ya matenga matupu ya nyanya, meno yanagongana. Sikuwahi kuona ukungu unaingia ndani ya nyumba. Kule unaingia kama mgeni aliyezoea, unakaa, na mwenyeji anasogeza kiti. Nyumba ya mwalimu ilikuwa bado haijaezekwa, kwa hiyo nikapewa chumba nyumbani kwa Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Bonifasi. Chumba kilikuwa na kitanda cha kamba, dirisha dogo la mbao, na chini ya kitanda magunia ya viazi vya mbegu vilivyokwisha kuchipua, hata nikawa nalala juu ya shamba. Ukuta kati yangu na sebule ulikuwa wa mbao ambazo hazikufika juu. Lolote lililosemwa upande ule nililisikia, tena bila kutega sikio, na kusema kweli mara nyingine nililitega.

Jioni ya kwanza waliniweka kwenye mkeka mbele ya moto, viazi vya kuchemsha na maharage yasiyo na mafuta, na kabichi tamu ambayo hadi leo sijaipata mfano wake. Mwenyekiti alikuwa mtu mfupi, mpana, mwenye masharubu aliyoyatunza sana. Aliposikia natoka Tabora aliweka tonge chini. "Ala, kumbe ni mtani. Mama Skola, tumeletewa mpagazi. Babu zake walipita huku chini na mizigo ya watu mpaka vichwa vikaota upara." Nilikuwa nimechoka, nina baridi, na ulimi wangu haujawahi kuwa na breki. Nikamjibu, "Ndiyo, na walipopita waliuliza, hii nchi haina wenyewe? Wakaambiwa wapo, wamejificha kule juu, wanaogopa kivuli chao." Sebule nzima iliangua kicheko. Mama Skola, mke wa Mwenyekiti, aliniongezea kiazi kikubwa kwenye sahani, na kuanzia jioni ile nikawa mtu wa pale.

Ila utani kwao haukuwa maneno ya kando ya moto tu. Kabla mwezi haujaisha alifariki bibi mmoja, na wazee wakanifuata darasani: Mnyamwezi anatakiwa msibani. Kazi yangu, waliniambia, ni kuzuia. Mtani anaketi mlangoni, maiti haitoki. Anaweza kunyakua sufuria, kukalia jembe la kuchimbia kaburi, kumvua kofia mkubwa yeyote, na mwenye mali haruhusiwi kukasirika. Ama akikomboe kitu chake kwa kile mtani anachotaka, ama akiache kwa mtani, basi. Nilisimama pale mlangoni nikiwa bubu. Mtu amekufa, wanawe wanalia, mimi niseme nini? Ndipo msichana mmoja mwenye gauni jeupe la zahanati akanisukuma begani nikaanguka kwa makalio kizingitini. "Kaa hivyohivyo," alininong'oneza, "sasa dai kitu." Nikadai ndizi. Wafiwa walicheka huku wanalia, nikaletewa ndizi, nikainuka. Huyo msichana ndiye Agatha, mhudumu wa zahanati ya kijiji, na urafiki wetu ulianzia kwenye kizingiti kile.

Sikujua bado kwamba ana ugonjwa wake. Niliugundua Jumapili moja baada ya misa, nilipomkuta nyuma ya zahanati amesimama kwenye majani matupu, pasipo na maji, anarusha mshipi hewani kwa ufito mrefu wa mwanzi. Mshipi ulikwenda mbele, ukajikunja, ukarudi nyuma, ukaenda tena, polepole, kisha ukatua kwenye majani bila sauti. Nilimuuliza kama amepandwa na kitu. "Nanyoosha mkono," alisema. "Kipupwe kinakuja." Akanieleza. Kwenye kijito kile cha juu, kinachopita chini ya zahanati kabla ya kuruka maporomoko, wamo samaki wanaoitwa trauti, walioletwa na Wazungu zamani, na wanapenda maji ya baridi. Mjomba wake alikuwa mpishi kwenye nyumba ya wageni waliokuja kuwavua, na walipoondoka walimwachia ufito, kigurudumu cha mshipi, na kopo la ndoano ndogondogo. Mjomba alipofariki, vitu hivyo havikwenda kwa wanawe. Kwa Waluguru mali ya mjomba huenda kwa mtoto wa dada yake, na yeye ndiye aliyekuwa mtoto wa dada. "Binamu zangu walidhani nitaufanya ufito huu wa kuangulia maparachichi," alisema, na akacheka kicheko chake cha puani.

Trauti hali funza kama kambare wetu wa bwawani. Anakula wadudu wanaotua juu ya maji, kwa hiyo unamtengenezea mdudu wa uongo: manyoya ya kuku yaliyofungwa kwa uzi kwenye ndoano ndogo, hata ukimtazama vibaya unampungia mkono aondoke. Agatha aliwafunga nzi hao kwenye baraza ya zahanati, wagonjwa wakiwa wamekwisha, kwa uzi wa kushonea shuka. Mimi nilikaa pembeni na kikombe cha chai ya rangi, nikishika ncha ya uzi. Tatizo lilikuwa manyoya. Manyoya ya kuku wa kawaida ni laini, yanalowa mara moja na nzi anazama. Yanayotakiwa ni ya shingo ya jogoo mzima, marefu, magumu, yenye kung'aa, yanayosimama juu ya maji. Na kijiji kizima jogoo wa namna hiyo alikuwa mmoja tu, mwekundu, mwenye kola ya rangi ya shaba. Alikuwa wa Mwenyekiti.

Yule jogoo aliitwa Katibu, kwa sababu ndiye aliyefungua kikao kila asubuhi kabla ya mtu mwingine kusema. Alilala kwenye banda lililogusana na dirisha langu, na Mwenyekiti alimpenda kuliko redio yake. Agatha alikwenda kumwomba manyoya machache tu ya shingo, mimi nikiwa shahidi. Mwenyekiti alimtazama kama mtu aliyeombwa jino. "Agatha binti yangu, umnyonyoe Katibu shingo, halafu awike na baridi hii? Huyu ndiye saa ya kijiji. Watu wanaamkia shamba la pamoja kwa sauti yake." Agatha alisema basi atasubiri. "Subiri," alisema Mwenyekiti, "akifa kwa uzee, manyoya ni yako." Tangu siku hiyo kila Agatha alipopita uani kwetu alimwamkia yule jogoo shikamoo, na kumuuliza hali ya kifua.

Kipupwe kilipoingia alinichukua. Sijui nisimulie vipi asubuhi ile kwa mtu asiyewahi kukaa kule. Majani yalikuwa meupe kwa umande, pumzi inatoka mdomoni kama moshi wa jiko, na maji ya kijito yanapita kwenye mawe meusi, masafi kiasi kwamba unahesabu kokoto. Tulikunja khanga juu ya magoti, tukaingia. Nilipiga yowe. Ile haikuwa baridi, yalikuwa meno. Agatha hakuniangalia. Alirusha, mshipi ukaenda, nzi akatua, akateleza na maji kuelekea kwenye kivuli cha jiwe, na hapohapo maji yakafunguka, kikatoka kitu cha fedha chenye mstari wa waridi ubavuni, kikaruka juu kikageuka. Nilisahau miguu. Nikaanza kupiga kelele, mvute, mvute, naye ananinyamazisha kwa mkono mmoja, "Ukimvuta anakata. Mpe aende, atarudi mwenyewe." Alipomfikisha kwenye majani nilipiga magoti kumtazama, na nakumbuka nilisema, "Jamani, huyu ni wa kweli?" Alikuwa na madoa meusi kama mtu aliyenyunyiziwa wino.

Zamu yangu ilipofika nilinasa mti, nikanasa jiwe, nikanasa kilemba changu mwenyewe, nikanasa sweta ya Agatha mgongoni. Alinivumilia. Neno lake lilikuwa lilelile, alilorithi pamoja na ufito: "Usimtafute samaki. Mwangalie nzi wako anakwenda wapi." Siku nyingi zilipita hivyo, kila nilipopata nafasi kabla ya kengele ya shule, mikono imekufa ganzi hata chaki ikawa inanidondoka. Halafu asubuhi moja nikawa namwangalia nzi wangu, namwangalia tu, sina hamu na lolote, na nzi akatoweka. Mkono ukavutwa. Nilipiga kelele iliyofika ng'ambo ya bonde, na mtu kule ng'ambo akaitikia "Naam" akidhani anaitwa. Tulimpika yule samaki kwenye chumba cha Agatha, kwenye sufuria yenye kovu, chumvi na ndimu tu, na nyama yake ilikuwa nyekundu kama ndani ya pera. Tulikula kwa mikono, migongo ukutani, miguu karibu na makaa. Nimekula karamu nyingi tangu hapo, za harusi na za kuagwa kazini, na sijashiba vile tena.

Siku hiyo ndiyo Agatha alinieleza kwa nini hakosi kijitoni. "Mjomba nilimzika kwa mikono yangu hii," alisema. "Lakini nikiingia majini bado ananikosoa. Inua kiwiko, Agatha. Taratibu, Agatha. Kwingine kote simsikii." Alisema hivyo huku akikwangua sufuria.

Sasa balaa. Likizo ya shule ilikuwa imeanza, nami nimejilaza chumbani na mafua, nikasikia sebuleni Mwenyekiti anaongea kwa sauti ya mkutano. Mgeni mkubwa anakuja kutoka wilayani kuangalia shamba la kijiji, na amesikia huku juu kuna samaki wa ajabu. Mwenyekiti amekwisha kumtumia salamu kwamba samaki hao atawala. "Na ugeni huo si wa mtu mmoja, wanakuja gari zima. Nitawapa nini, mikia?" Aliyemjibu alikuwa Damiani, kiongozi wa vijana, kijana mrefu mwenye sauti ya taratibu. "Mzee, hilo dogo. Tunaponda utupa, tunaumwaga pale juu, asubuhi moja tunaokota kama kuni." Mwenyekiti akafurahi. "Si ndivyo tulivyofanya kule chini mtoni tukiwa vijana? Na mwaka uliofuata samaki walikuwa tele." Nikasikia Mama Skola anawamiminia togwa, na wakaanza kupanga nani atachuma.

Utupa niliujua, kwetu pia upo. Ni mti mdogo wa majani. Ukiyaponda na kuyatia kwenye maji samaki hupoteza pumzi na kuelea matumbo juu, mkubwa kwa mdogo. Watu wanawala bila madhara. Nilitupa blanketi nikakimbia zahanati na mafua yangu. Agatha alikuwa anamfunga mtu kidonda. Alimaliza kufunga, akafunga vizuri kabisa, akamwambia mgonjwa aje kesho, ndipo akakaa chini kwenye sakafu. "Wale wa chini wana kwao," alisema. "Wakifa kule, wengine wanapanda kutoka mto Ruvu. Hawa hawana kwao pengine, Nyamizi. Waliletwa wakiwa wadogo kama sindano, ndani ya madebe, kwenye vichwa vya watu. Juu ya maporomoko hakuna samaki anayepanda. Wakifa hawa, kijito kimekwisha." Nikamwambia pengine waliobeba madebe ni Wanyamwezi wenzangu. Nilitaka acheke. Hakucheka.

Tulikwenda kwa Mwenyekiti wote wawili. Alitusikiliza vizuri, maana hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa ameahidi, na ahadi ya mwenyekiti mbele ya kijiji ni deni baya. Kuhusu samaki kutorudi hakuamini. Samaki ni samaki, alisema, hawajui kuhesabu maporomoko. Mwishowe aliinuka akaleta beseni kubwa la bluu la maua, la harusi ya Skola. "Lijazeni hili kwa huo ufito wenu kabla mgeni hajafika. Likijaa, utupa siutaki. Lisipojaa, vijana wataingia majini, na nisisikie kilio."

Ee bwana wee. Juma lile sikulala wala sikukaa, nilivua. Likizo ilinipa siku nzima. Agatha alinikuta kijitoni alipofunga zahanati, na asubuhi tulikwenda pamoja ukungu ukiwa bado umelala juu ya maji. Tulijenga kidimbwi cha mawe pembeni, tukawafungia humo wazima ili wasioze. Mama Skola alituletea viazi vya kuchoma ndani ya khanga, akisema amekuja kuchuma mboga tu, akakaa akitazama mpaka akasahau mboga. Lakini nzi waliisha. Kila nzi aliyenasa kwenye mti alikuwa amekwenda, na wale wa manyoya ya kuku wa kawaida walizama kama majani ya chai. Mimi, mwalimu wa watu, nilitambaa ndani ya banda la Katibu kwa magoti kuokota alichopukutisha. Siku moja alipigana na jogoo wa jirani na nikapata manyoya matatu mazuri. Nilimshangilia kama timu. Nzi watatu hao walitupa samaki wengi kuliko wengine wote. Jioni ya mwisho Agatha alimpata mmoja mkubwa, mrefu kama mkono wangu hadi kiwikoni, na alipomtia kidimbwini alichuchumaa akimtazama. Asubuhi tukawapakia kwenye beseni. Walifika nusu, tena nusu ya kuhurumiwa.

Vijana walikwisha kufika. Walikuja wakiimba na Damiani mbele, kapu kubwa la utupa uliopondwa kichwani, maji ya kijani yanamtiririka shingoni. Nyuma yao akina mama na masufuria, na Mwenyekiti amevaa kofia yake ya mikutano. Agatha alisimama mbele yao kwenye njia, mikono imelegea. Wengi wao walikuwa wajomba zake, kaka zake, ukoo wake. Angewaambia nini ambacho hakuwa amekwisha kusema? Damiani alimkwepa kwa adabu, akalitua kapu juu ya jiwe ukingoni, akainama kukunja suruali. Ndipo niliposikia bega langu linakumbuka ule msukumo wa msibani. Sikufikiri. Nilikwenda nikaketi juu ya kapu.

Wimbo ulikatika. Maji ya utupa yalipenya khanga mara moja, ya baridi na yenye harufu ya majani mabichi. "Mwalimu, inuka, utalowa," alisema Damiani. Nikasema kwa sauti ya darasani, "Silowi. Waluguru, kapu hili limekaliwa na Mnyamwezi. Anayelitaka alikomboe." Kisha bibi mmoja kule nyuma akapiga kigelegele, na kicheko kikashuka mlima mzima. Damiani akarudi nyuma mikono juu, maana mtani akikaa hagusiki. Wote wakamgeukia Mwenyekiti. Masharubu yake yalitikisika. Hakujua acheke au alie, na kukasirika ndiyo hawezi. "Haya mpagazi, dai. Unataka nini? Gunia la viazi? Mbuzi?" Ilinibidi nidai kitu asichoweza kutoa.

"Nataka Katibu," nilisema.

Mwenyekiti alivua kofia, akaivaa. Alilitazama kapu, akautazama mlima kule nyumbani kwake, na kama kwa makusudi Katibu akawika, saa ile ya asubuhi wakati hana kazi. Nikamwona Mwenyekiti anapiga hesabu. Kisha akasema polepole, "Mleteni." Ikiwa atalipa, itanibidi niinuke, na kijito kimekwenda. Agatha alinishika mkono nao ulikuwa baridi kuliko maji. Jogoo akaletwa, mwekundu, mzito, ametulia kwapani mwa mtu kama mzee anayepelekwa zahanati. Mwenyekiti alimpokea. Alisimama naye pale, akimpapasa shingo, wala hakunipa.

Aliyemwokoa ni mkewe. Mama Skola alikuja na beseni lake la bluu, akaliweka miguuni pake, samaki wetu ndani. "Baba Skola," alisema, "ukimpa Mnyamwezi jogoo ili upate samaki, umepoteza jogoo. Ukimtia jogoo mwenyewe chunguni pamoja na hawa, mgeni ameshiba, na kapu utamwachia huyu mwendawazimu alikalie mpaka Pasaka. Na Katibu wako amezeeka, tusidanganyane. Mwakani hata jino halitamwingia." Watu wakaguna kukubali. Mwenyekiti akanyoosha mgongo, na uso wake ukawa uso wa mkutano. "Ndugu zangu," alisema, "kiongozi asiyetoa chake hawezi kuomba cha mwenziwe. Namtoa Katibu kwa ajili ya kijiji." Wakapiga makofi. Alipopita karibu nami aliinama, akaninong'oneza, "Umenifunga, mpagazi. Ila nitakuozesha kwa mwendawazimu." Akamgeukia Agatha. "Na wewe, nilikuahidi manyoya. Njoo umnyonyoe mwenyewe, mimi siwezi kutazama."

Utupa niliumwaga kwenye shimo la majivu, mbali na maji, Damiani akinisaidia kubeba, na njia nzima alikuwa ananiuliza habari za Agatha: anapenda nini, anasema nini, huo ufito ni mgumu kujifunza? Nikaona kumbe siku ile nimekalia na jambo jingine. Mgeni alikula samaki kidogo na jogoo sana, akasifu vyote, akalala kwenye kiti. Agatha alifunga nzi wa manyoya ya Katibu kipupwe kile chote na vingine vingi baadaye. Mwaka ulipokwisha nilihamishwa, na aliponisindikiza kwenye lori aliniambia, "Siku yangu ikifika, uje unikalie hivyohivyo. Usije ukawa bubu tena."

Basi nilifika, sweta mbili na shali. Nyumba ilikuwa imejaa hadi uani, na waliponiona njia ilifunguka yenyewe. Jeneza lilikuwa tayari mabegani mwa wanaume. Niliketi kizingitini, magoti yakilia, na nikasema, "Hatoki mtu hapa." Sauti ilitoka. Damiani alikuja mbele yangu, mvi kichwa kizima, mrefu bado, sasa mgane wa Agatha baada ya miaka yote hiyo ya ndoa. Alinitazama chini. "Mwalimu, inuka, utalowa," alisema. "Nataka Katibu," nilimjibu. Wazee waliokumbuka walicheka kwa sauti, vijana wakacheka kwa kuwaona wazee wanacheka, nami nikainuka, na Agatha wangu akatolewa nje kwenye kicheko hicho, kama alivyotaka.

Baada ya kaburi nilishuka kijitoni kuondoa udongo mikononi. Akina mama walikuwa wanaosha masufuria ya msiba, na punje za wali zinakwenda na maji. Nikamwangalia mmoja anakwangua, punje zikateleza kuelekea kivuli cha jiwe, na maji yakafunguka. Halafu tena. Halafu pale, na pale. Ubavu wenye mstari wa waridi ukageuka karibu na mguu wangu kabisa. Damiani alikuwa amesimama nyuma yangu. "Wanakula wali," alisema. "Angewaona angewatukana." Nikauliza ufito uko wapi. Akasema uko ndani, Agatha amemwachia Prisca, lakini Prisca hajawahi kuushika, na leo ni siku ya maziko, nani atavua samaki siku ya maziko?

"Mtani," nilisema, nikaanza kukunja khanga. "Mwite Prisca aulete."